Daftari la Vifaa

Watu wakijua kwamba kwenye karakana yangu wamepita vijana waliowahi kuwa ndani, swali la kwanza ni lilelile: "Hawakuibii?" Huwa nawajibu kwamba naibiwa, tena vibaya, ila na wateja. Mtu anatengenezewa geti, analipa nusu, analifunga nyumbani kwake, halafu simu haipokelewi mpaka Krismasi. Kwa vijana, miaka yote hii nimepoteza tepu, miwani ya kuchomelea na kofia moja ya sufu niliyokuwa naipenda wakati wa baridi, na sina hakika hata kidogo kwamba kofia waliichukua wao.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, hapahapa Mbeya mjini, si mbali na Mwanjelwa. Soko lilipoungua mwaka 2006 nilikuwa nabeba mizigo. Baada ya moto kazi za kutengeneza mabanda zikawa nyingi kuliko mafundi, na mzee mmoja wa Tukuyu akanichukua nimshikie vyuma wakati yeye anachoma. Sikuwahi kufungwa, na nalisema hili mapema kwa sababu watu hudhani mtu hawezi kujishughulisha na vijana hawa mpaka naye awe na historia. Ilianza kwa kazi ya kawaida tu: afisa ustawi wa jamii alileta grili ya dirisha iliyong'oka, akaisubiri huku anapiga stori, na alipokuja kuichukua alikuwa ameniachia kijana.

Kwanza nieleze wanatokea wapi, maana mtaani wote huitwa "waliotoka jela" na mambo hayako hivyo. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 hahukumiwi kifungo cha jela. Kesi yake inasikilizwa Mahakama ya Watoto, na wakati wa kusubiri anaweza kuwekwa mahabusu ya watoto, ambayo Mbeya tunayo. Akionekana na hatia, mahakama inaweza kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, au kumpeleka shule ya maadilisho, yaani Irambo, nayo iko hukuhuku Mbeya na inapokea watoto wa mikoa mingine ya Bara. Ndiyo maana utakutana na mtoto wa Temeke anatetemeka kwa upepo wa Juni unaoshuka Loleza, hana hata sweta. Waliovuka 18 ndio hupitia Gereza la Ruanda au Songwe. Wengine hawakai ndani kabisa: wanatumikia adhabu kwa huduma kwa jamii chini ya sheria ya mwaka 2002, na utawaona wanafyeka majani kwenye maeneo ya umma asubuhi huku watu wanapita wakiwanyooshea vidole. Kwa jirani, hao wote ni kapu moja.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Wafadhili na watu wa semina hupenda kusema vijana hawa wanahitaji ujuzi. Sikatai, ujuzi haumdhuru mtu. Lakini wengi walionifikia walikuwa wanajua kitu. Ruanda wafungwa hufundishwa ufundi, na kijana mmoja aliyetoka pale alikuwa anapanga matofali kwa mstari ulionyooka kuliko wa fundi uashi aliyenijengea mimi nyumba. Alikaa mtaani miezi bila kibarua. Tofali lake lilikuwa safi, shida ni kwamba hakuwa na mtu wa kumsemea.

Kazi za mikono kwetu hazitangazwi. Geti likilegea mtu hasomi tangazo, anamuuliza jirani, "Una fundi?" Na fundi akizidiwa anamuuliza fundi mwenzake, "Una dogo hapo?" Ajira nzima ya Mbeya ya watu wa aina yangu inapitia kwenye hayo maswali mawili. Kijana aliyetoka ndani anapata taabu ya ajabu hapo: wanaomfahamu ndio wasiomtaka, na wanaoweza kumtaka hawamfahamu. Unaweza kumpa vyeti vitatu, bado swali "una dogo hapo?" halitamfikia.

Kwa hiyo ninachofanya hasa si kufundisha. Namsemea. Naenda kwa fundi wa mabati, kwa mwenye mashine ya kukamua alizeti, kwa mtu wa kupakia viazi, nasema, "Nina dogo wangu." Neno "wangu" ndilo lenye uzito. Maana yake akiharibu, mtakuja kwangu. Nalitumia kwa uangalifu, na si kwa kila kijana aliyeletwa mlangoni. Kwanza anakaa kwangu, namwona anavyoamka, anavyoongea na wateja wakorofi, anavyofanya umeme ukikatika na kazi imesimama. Saa za umeme kukatika ndizo zinazomwonyesha mtu, kuliko saa za kazi. Yule anayechukua ufagio bila kuambiwa simwogopi.

Kuna adabu ya kwenda kumsemea. Usiende na kijana mkono kwa mkono siku ya kwanza, unamlazimisha mwenye kazi kukataa mbele ya mtoto wa watu. Nenda mwenyewe, saa nne, wakati wa chai, ukaongee kwanza habari za bei ya vyuma. Akikuuliza katokea wapi, mwambie ukweli, lakini mwambie yeye peke yake, mwenye kazi. Vibarua wenzake si lazima wajue. Wapo wanaonipinga hapa. Ndugu zangu wa makanisani, ambao wanafanya kazi kubwa na wengine wao hutembelea Ruanda kila mara, wanapenda kijana asimame mbele ya waumini atoe ushuhuda wa alivyokuwa anavunja nyumba za watu. Jumapili watu wanapiga makofi, wanamwombea. Jumatatu anaomba kazi kwa nani? Kanisa zima limeshasikia anavyofungua kufuli.

Habari ya karatasi inachosha, lakini bila hiyo mengine hayaendi. Kijana anatoka ana miaka 18 au 19, hana namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Hana namba ya NIDA kwa sababu hana cheti cha kuzaliwa, na hana cheti kwa sababu mama alijifungulia nyumbani, au kadi ya kliniki iliungua, au baba alihamia Chunya kwenye dhahabu na karatasi zote kwenye begi lake. Mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka 5 ulianzia huku kwetu Mbeya mwaka 2013, na umesaidia sana, ila vijana wangu wengi walikuwa wameshavuka umri huo. Bila NIDA hasajili laini ya simu kwa jina lake. Anatumia laini ya dada yake, dada anasafiri na simu, fundi anapiga kumwita kazini, inapokea sauti ya mtu yuko Tunduma. Siku hiyo kazi imeenda kwa mwingine. Na hela ya simu pia inaingia kwa dada, hayo ni mengine.

Njia ni ndefu lakini inapitika: balozi wa nyumba kumi, mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata, RITA wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, halafu NIDA. Ukimwacha kijana aende peke yake, anageuzwa kwenye dirisha la kwanza na hatarudi. Akienda na mtu mzima aliyevaa shati la kufunga vifungo, wanamsikiliza. Si haki, lakini ndivyo.

Umri nao una sheria zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliye chini ya 18 haruhusiwi kwenye kazi za hatari. Karakana ya kuchomelea ni hatari tupu: cheche, umeme, disiki inayoweza kupasuka ikakukata uso. Kwa hiyo wa miaka 16 simpokei, hata afisa akinibembeleza. Nina mama mmoja fundi cherehani, Sokomatola, hao ndio nampelekea. Mwanzoni wanaona aibu kukaa kwenye cherehani. Wiki chache baadaye wanabishana kuhusu kola.

Malipo ni ya siku, kwa siku. Hapa sina mjadala. Mtu aliyetoka ndani hana akiba wala duka la Mangi la kumkopesha unga, na ukimwambia asubiri mwisho wa mwezi unamwambia aishi kwa nini hizo siku zote? Kwangu anaanza na shilingi 5,000 na chakula cha mchana, sawa na saidia fundi mwingine yeyote. Wapo wenye karakana wanaowachukua vijana hawa kwa sababu ni rahisi, wanawapa nusu ya bei wakijua hawana pa kulalamikia. Huo nao ni wizi, tofauti ni kwamba huu hauna kesi.

Nirudi kwenye wizi, maana ndiko watu wanakotaka kunisikia.

Karakana inapoteza vitu. Disiki, vijiti, bomba la futi mbili lililobaki, kila siku kuna kitu hakionekani. Zamani mimi na vijana wangu wa kawaida tulikuwa tukitafuta kidogo, tunatukana, tunanunua kingine. Ukiingiza kijana aliyetoka ndani, kila kinachopotea kina jina tayari. Hata hajafika kazini, jina lipo. Mshauri mmoja alinishauri nimwamini tu kijana, nimwonyeshe imani. Imani yangu ingemsaidia nini mbele ya watu saba wengine? Wao hawakuahidi kumwamini.

Nikanunua daftari la kaunta, lile gumu lenye mistari. Nikapigilia ubao ukutani, kila kifaa kikachorewa umbo lake kwa rangi, mahali pake: grenda kubwa, grenda ndogo mbili, mashine za kuchomelea, drili, jeki za kubania, nyundo, misumeno. Asubuhi kila kinachotoka ukutani kinaandikwa kimeenda na nani na wapi. Jioni saa kumi na mbili, kabla mtu hajanawa mikono, vinahesabiwa kwa sauti. Mmoja anasoma, mwingine anagusa kifaa anaitika "kipo." Wanaosoma wanabadilishana, na fundi mkuu naye anasoma, na mtoto wa dada yangu naye, ambaye mwanzoni alinuna kwa siku kadhaa kwa kuona anafanywa mwizi. Nilimwambia atafute kazi kwa mjomba mwingine kama anataka. Daftari ni la wote au halina maana. Siku likiwa la mmoja, umeshamfunga tena.

Wateja hucheka wakikuta tunasoma orodha kama shuleni. Waache wacheke.

Jumamosi moja grenda ndogo haikuwepo. Kwenye ubao umbo lake lilikuwa tupu, rangi nyeupe tu imetokeza. Kijana niliyekuwa naye wakati ule, mwenyeji wa Isanga, alikuwa ametoka Ruanda si muda mrefu, kwa kesi ya kuvunja duka usiku. Hakuna aliyemwambia kitu. Ingekuwa afadhali wangesema, ningejibu. Walinyamaza tu, kila mmoja akawa na shughuli ya ghafla: mmoja anafunga waya uliokwisha kufungwa, mwingine anafagia palipofagiwa. Fundi mkuu alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Nilipogeuka, kijana alikuwa ameshavua ovaroli. Ameikunja vizuri, mikono ndani, kola juu, ameiweka kwenye benchi karibu na mashine ya kukatia, na amevaa viatu vyake vya kutokea. Hakuwa anakimbia. Alikuwa anasubiri kuambiwa.

Nikasema, "Daftari liko wapi?"

Lilikuwa chini ya makopo ya rangi. Nikampa yeye asome. Kidole chake kilikuwa na ile rangi nyekundu ya chini, kikaacha alama kwenye kila mstari. Ijumaa jioni: grenda ndogo 2, zipo. Jumamosi asubuhi: grenda ndogo 1, imekwenda Nzovwe, grili za madirisha. Na mwandiko ulikuwa wa fundi mkuu, ule wa kulala upande ambao hakuna asiyeujua.

Fundi mkuu akashika kichwa. Walikuwa hawajamaliza dirisha la jikoni, akaiacha kwa mlinzi wa ile nyumba ili Jumatatu wasiibebe tena, na njiani kurudi akasahau. Tukapiga simu, mlinzi akasema ipo, amefungia kwenye stoo. Fundi mkuu ni mtu mzima, ana wajukuu, si mtu wa kuomba radhi kwa kijana. Alisimama pale, kisha akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Dogo, ni mimi." Akatuma chapati na chai ya maziwa kwa mama ntilie, kwa watu wote. Kijana aliivaa ovaroli yake, akarudi kwenye geti alilokuwa analipaka. Chapati alikula jioni, zimeshakauka.

Bila daftari, naye angeondoka. Grenda ingepatikana Jumatatu, tungeguna kwa aibu, na yeye angekuwa ameshafika kwa wale rafiki zake wa usiku ambao hawamuulizi mtu alikotoka.

Kuna sharti lingine linalofanana na hilo: miezi ya mwanzo kijana hashiki hela ya mteja. Watu hudhani ni kwa sababu naogopa ataila. Mteja mkorofi akitaka kupunguza deni lake anasema, "Mbona nilimpa yule kijana wako elfu ishirini?" Utabishana naye kwa ushahidi gani? Sasa wateja wote wanajua hela inakuja kwangu au kwenye simu yangu, basi, mlango huo umefungwa. Akishajulikana na wateja kwa jina na kwa kazi, ndipo namwachia kupokea, tena hapo namtuma makusudi kwa wale wakorofi, maana ni wao wanaoeneza habari.

Upande wa nyumbani ni mgumu kuliko karakana. Fundi unaweza kumbembeleza, lakini mtaa una kumbukumbu, na mtaa ndio uliokuwa na mawe mkononi siku ile alipokamatwa. Kwa hiyo kabla kijana hajaanza kuonekana barabarani, tunakwenda kwa balozi. Anakwenda na mzazi au bibi, wanakaa, balozi anaandika jina lake. Siku hizi kuna Polisi Kata, naye anaambiwa. Wengine wanasema kumpeleka kijana kwa polisi wa kata ni kumuuza. Mimi naona ni afadhali afande amjue akiwa anakunywa chai na bibi yake mchana kuliko amkute saa tano usiku anatoka kazini na begi la vyuma mgongoni, aanze kujieleza.

Halafu yupo aliyeibiwa. Huyu husahaulika kabisa kwenye semina. Kijana mmoja wa Ilemi alikuwa ameiba mtungi wa gesi na jiko kwa mama jirani anayeuza vitumbua, na kwa muuza vitumbua jiko ndiyo ofisi. Alipotoka alitaka kumkwepa, apite njia ya nyuma kila siku mpaka Yesu arudi. Tukaenda: yeye, bibi yake, balozi na mimi. Alikuwa ameweka akiba hela kidogo kutoka kwenye posho yake, akaitoa kwa mikono miwili, "Shikamoo mama, naomba unisamehe." Nilidhani mama atasema baki na hela yako mwanangu, kama kwenye maigizo. Aliipokea, akaihesabu, akasema haitoshi, na juu yake anataka jiko la mkaa la chuma lenye miguu mirefu ili asiiname. Bibi akashindwa kujizuia, akacheka, akasema, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na sisi tukacheka. Jiko likatengenezwa, na lilikuwa zuri, nilimkagulia mwenyewe maungio. Mama yule mpaka leo hamwiti kijana kwa jina. Lakini mtu akiuliza fundi wa majiko, anaonyesha kwa mwiko upande wa kwake.

Wale wa mbali ni hadithi nyingine, na sina mengi. Mtoto wa Irambo akimaliza muda wake anatakiwa kurudi kwao, Dar, Mwanza, popote, na mkono wangu haufiki huko. Wapo waliofika umri wa utu uzima wakaamua kubaki Nyanda za Juu. Mmoja nilimpeleka Mafinga kwa rafiki yangu mwenye mashine ya kupasua mbao, kule misitu ya Sao Hill inalisha watu wengi na hakuna anayekuuliza ukoo. Alistawi. Mwingine alikwenda kulekule akarudi baada ya muda mfupi, kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa Uyole na akili yake haikuwahi kuondoka. Kumhamisha kijana kunamfaa anayedaiwa na genge. Mwenye mtu wa kumtunza mwache karibu na mtu wake, hata kama mtaa unanung'unika.

Bodaboda nazikataa kwa mwaka wa kwanza, na vijana wote wananichukia kwa hilo. Pikipiki ya mkataba ina hesabu ya siku, mvua inyeshe isinyeshe. Siku mbili hesabu haijatimia, jamaa wa kijiweni anakuja na wazo la kuitimiza. Pia kila pikipiki inayotumika kwenye uporaji, wa kwanza kukamatwa ni yule ambaye jina lake liko kituoni.

Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo vijana wana 4, wanawake 4 na wenye ulemavu 2, ni mzuri na hauna riba. Lakini unatolewa kwa kikundi, na kikundi ni watu kudhaminiana. Kijana aliyetoka juzi akikubaliwa haraka mno kwenye kikundi, ujue wanatafuta jina la kujaza fomu na mtu wa kumsukumia deni. Ajiunge akishakuwa na kazi ya kuonyesha. Kinachofaa zaidi mapema ni ule utaratibu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wa kurasimisha ujuzi: mtu aliyejifunzia mtaani anapimwa na kupewa cheti bila kukaa darasani miaka. Cheti hakimsemei mtu kwa jirani, nimeshasema, ila kinamwingiza kwenye tenda za majengo ya watu wakubwa, ambako hakuna anayeuliza "una dogo hapo," wanauliza karatasi.

Yupo aliyerudi ndani. Kazi ilikuwepo, malipo yalikuwepo, mama yake alikuwa anapika. Alirudi kwa kosa lilelile, na aliponiona mahakamani aliangalia pembeni. Nimewaza sana kuhusu yeye na sijapata maelezo. Sitamtungia maelezo ili simulizi ikae vizuri.

Yule wa Isanga, wa ovaroli, sasa ana banda lake njia ya kwenda Uyole. Ana mashine mbili, ana vijana watatu, ana ubao ukutani wenye maumbo ya vifaa, na daftari lake ni gumu kuliko langu. Majuzi afisa ustawi alikuwa na kijana mpya, kwangu kumejaa, nikampigia simu kwa furaha kabisa, "Una nafasi ya dogo hapo?" Akauliza katokea wapi. Nikamwambia.

"Hapana fundi," akasema. "Hao siwataki. Nawajua."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, yeye hakucheka. Nikamkumbusha kidogo alikotoka, akanijibu kwa heshima zote kwamba yeye ana wateja wanaomjua kama fundi tu, hawajui lingine, na kijana yule akiharibu watu wataanza kuchimba habari za mwenye banda. Ana mke, ana mtoto anaanza chekechea. Sikubishana naye zaidi, hoja yake ilikuwa na miguu. Kijana nimempeleka kwa mtu wa mabati huko Mbalizi, ambaye hajawahi kukaa ndani hata saa moja na haogopi kitu. Ameanza Jumatatu. Daftari nimemnunulia mimi.